Mapanga Matatu, Kauli Moja: Uhakiki wa Propela ya Boti Kuukuu

Propela ya alumini iliyovuliwa kwenye mashine na kulazwa mezani kwa fundi ina mengi ya kusema kabla haijaguswa na nyundo. Kwenye kitovu mara nyingi pamechapwa namba mbili, tuseme 13 na 19. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Ya pili ni pichi: umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja lau maji yasingeteleza. Wanunuzi wengi huishia kwenye namba hizo, ilhali kazi yenyewe imo kwenye umbo.

Litazame panga moja kuanzia shinani hadi nchani. Limesokotwa. Inchi 2.5 kutoka katikati, mwinamo wake ni kama digrii 50. Nchani umeshuka hadi 25 hivi. Msokoto huo si pambo. Ncha huzunguka njia ndefu kuliko shina kwa muda uleule, hivyo ni lazima ilale zaidi ili panga zima lisukume inchi 19 zilezile. Ncha ikipinda kidogo tu, sehemu za panga moja huacha kuelewana.

Hapa ndipo ukarabati mbaya unapojificha. Propela iliyogonga mwamba hunyooshwa, hupigwa msasa na kupakwa rangi, kisha hutundikwa kwenye ekseli ionekane panga lipi linavuta chini. Lililo zito husagwa mpaka yote yatulie. Uzito umelingana, lakini pichi je? Panga moja laweza kusukuma kwa inchi 19 na jirani yake kwa 17, na mtikisiko ukaendelea kula beringi na sili za shafti. Mshororo uliopungukiwa mizani hauokolewi na vina vizuri. Propela nayo haiokolewi na mng'aro. Kabla ya kumlipa fundi, laza kitovu juu ya meza iliyonyooka, simamisha kipimo kando yake bila kukisogeza, kisha zungusha panga moja baada ya jingine. Pima kimo cha ukingo wa mbele na wa nyuma, kwa umbali uleule kutoka katikati. Vimo vikitofautiana kati ya panga na panga, kazi haijaisha.

Kuna sehemu ya umbo isiyoonekana kwa nje: bushi ya mpira ndani ya kitovu, inayopokea kishindo propela inapogonga kitu. Mpira ukichoka, mashine hupandisha mlio na boti isiongeze mwendo. Chora mstari mmoja unaovuka kitovu cha ndani na cha nje, nenda baharini, kisha urudi utazame. Mstari uliokatika na kuachana unaonyesha kuwa mpira umeteleza, na kunyoosha mapanga hakutasaidia.

Kwenye boti zenye injini ya ndani na propela ya shaba, rangi nayo isomwe. Maji ya chumvi yakinyonya zinki kutoka kwenye aloi, madoa ya waridi hujitokeza. Igonge taratibu: shaba nzima hulia kwa mwangwi, iliyoliwa hutoa sauti butu. Hiyo hainyooshwi, kwani itavunjika.

Kuhusu kuchagua nyingine, kununua namba ileile ya zamani ni kuisahau boti yenyewe. Boti ya faiba ya miaka 30 si ile iliyotoka kiwandani: povu la chini ya sakafu limenyonya maji, na mgandamizo wa mashine umepungua. Pakia mzigo wa kawaida, fungua mafuta yote kwenye maji tulivu, usome mizunguko. Kitabu cha mashine kikitaka 5,000 hadi 5,500 kwa dakika nawe ukapata 4,700, pichi imezidi. Kila inchi unayopunguza huongeza mizunguko kama 150 hadi 200, hivyo kutoka 19 hadi 17 kutakurudisha ndani ya kipimo. Mashine iliyolemewa hujaza kaboni na huweza kuunguza pistoni.

Wala usidhani kwamba chuma kingi ndiyo nguvu. Mwaka 1837, propela ya mbao yenye umbo la skrubu, ya Mwingereza Francis Pettit Smith, ilivunjika nusu mfereji­ni, na boti yake ikaongeza kasi. Chuma cha pua nacho kina mapanga membamba na magumu yanayokata maji vizuri, lakini kikigonga mwamba hupeleka kishindo hadi kwenye gia. Penye matumbawe, alumini inayokubali kupinda ni chaguo la busara. Ila haivumilii kunyooshwa mara kwa mara. Ufa ukionekana shinani mwa panga, usichomelee: nunua nyingine, na uinunue kwa vipimo vya boti uliyo nayo leo.