Mchanga Kwanza, Kamera Baadaye: Uchambuzi wa Picha Moja ya Koridora

Picha inayochambuliwa hapa ni ya koridora wa shaba akila. Ubavu wake wote umeelekea lenzi, jicho liko wazi, sharubu zimezama mchangani, na punje chache za mchanga zinachomoka kwenye upenyo wa matamvua yake, moja moja, kila punje ikionekana ilivyo. Samaki ana urefu wa kama sentimita sita, na tangi ni la kawaida la nyumbani, sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Wanaoiona huuliza kwanza ilipigwa kwa kamera gani. Kamera ilichangia kidogo. Mchanga, maji na mahali pa taa viliamua karibu kila kitu kabla kitufe hakijabonyezwa, na ndiyo maana uchambuzi huu unaanzia chini ya tangi.

Samaki mwenyewe

Koridora ni jamaa wadogo wa kambale, wenyeji wa Amerika Kusini, mashariki ya milima ya Andes, kuanzia kisiwa cha Trinidad hadi bonde la Río de la Plata nchini Argentina. Koridora wa shaba alielezwa kisayansi mwaka 1858 kutokana na samaki wa Trinidad. Mwenzake mwenye mabaka, anayeitwa paleatus, alikusanywa na Charles Darwin katika safari ya meli ya Beagle, na Leonard Jenyns akamchapishia maelezo yake mwaka 1842. Wote wawili wamezaliwa kwenye matangi kizazi baada ya kizazi, ndiyo maana wanapatikana kwa urahisi kwa wauzaji wa samaki wa mapambo.

Mpiga picha anapaswa kumjua samaki huyu kwa mambo matatu. La kwanza ni kwamba hana magamba. Kila ubavu umefunikwa na safu mbili za mabamba ya mfupa yanayolaliana kama vigae vya paa, na ngozi iliyo juu yake ina fuwele ndogo za guanini zinazorudisha mwanga. Kwa hiyo rangi yake hubadilika kufuatana na pembe ya mwanga. Taa ikimjia kwa juu, utaona kijani kinachong'aa kwenye bega. Ikimjia kutoka mbele, huyohuyo hugeuka kahawia isiyo na uhai, na bamba moja au mawili huwaka doa jeupe lisilorekebishika baadaye.

La pili ni pumzi. Kambale wetu wa mito na mabwawa huvuta hewa kwa kiungo kilicho juu ya matamvua. Koridora naye huvuta hewa, ila kwa utumbo. Huchomoka ghafla hadi juu, humeza hewa na kurudi chini. Sehemu ya nyuma ya utumbo, yenye mishipa mingi ya damu, hufyonza oksijeni, na hewa inayobaki hutokea nyuma. Akipanda mara mojamoja, hiyo ni kawaida yake. Kundi zima likianza kupanda mfululizo, maji yamepungukiwa oksijeni au yamechafuka, na kazi ya siku hiyo inakuwa kuyabadilisha. Picha isubiri.

La tatu ni miiba. Pezi la mgongoni na mapezi mawili ya kifuani yana mwiba mgumu mbele, ambao samaki huufunga wima akitishwa, na ile ya kifuani huambatana na sumu hafifu. Ukimvua kwa wavu, ananasa. Wapo wapiga picha wanaowahamishia samaki kwenye tangi jembamba la kupigia picha. Njia hiyo inafaa kwa samaki wengi, lakini koridora aliyetoka kuhamishwa hupauka, hupumua mbiombio na kujibanza pembeni, na yote hayo yanaonekana kwenye picha. Hapa samaki aliachwa kwake. Taa na chakula ndivyo vilivyosogezwa.

Sakafu ya tangi

Tukio lililokusudiwa ni la mchanga, hivyo mchanga ndio ulioshughulikiwa kwanza. Koridora halambi juu juu. Huzamisha pua, pengine hadi machoni, hufyonza mchanga kinywani, huchambua kinacholika na kisicholika, kisha husukuma punje nje kupitia matamvua. Akiwekwa juu ya kokoto, tukio hilo halipo kabisa, kwa kuwa kokoto haiingii kinywani. Kokoto kali na sakafu chafu pia humletea kuchubuka na kuoza kwa sharubu, na koridora mwenye vishina badala ya sharubu hawezi kuficha jinsi anavyotunzwa.

Mchanga uliotumika ni wa mto, ule ule wa mafundi ujenzi, uliochekechwa ili punje kubwa zibaki juu, kisha ukaoshwa kwenye ndoo mpaka maji yakawa maangavu. Njia ya kuupima ni rahisi: sugua kiasi kidogo kati ya kidole gumba na kiganja. Ukikwaruza, uache, ukiteleza, unafaa. Kwa watu wa pwani kipo kipimo cha ziada. Mchanga wa ufukweni una vipande vya matumbawe na makombe, yaani chokaa, na huyafanya maji yawe magumu na kupandisha pH. Udondoshee siki, ukitoa povu, haufai kwa koridora wanaopendelea pH ya kati ya 6.5 na 7.5. Mchanga huo ni mzuri kwa wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hukaribia pH 9. Kuwachanganya samaki wa sehemu hizo mbili katika tangi moja ni kumwonea mmoja wao.

Rangi ya mchanga nayo ina kazi yake. Juu ya mchanga mweupe koridora hujipauza ili afanane na alipo, na sakafu hurudisha mwanga mwingi kuliko samaki. Juu ya mchanga mweusi samaki hukoza rangi, lakini tumbo na sharubu humezwa na giza kwa kuwa hakuna mwanga unaorudi kutoka chini. Mchanga wa mto wa rangi ya kahawia uko katikati: humwacha samaki na rangi yake, na huinua mwanga wa kutosha kuonyesha kinywa.

Maji na joto

Koridora wa shaba huvumilia joto la nyuzi 22 hadi 27 bila taabu. Paleatus hupenda baridi zaidi, na katika nyumba nyingi za Nairobi au Arusha hana haja ya hita. Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji ya tangi hufika nyuzi 29 msimu wa joto, afadhali koridora mwingine aitwaye sterbai, anayestahimili joto kuliko wenzake. Joto lina gharama yake: maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Anayefuga pwani aongeze pampu ya hewa na apunguze idadi ya samaki.

Kundi lilikuwa la samaki wanane, na wasipungue sita. Koridora aliye peke yake hujificha. Aliye katika kundi hupita mbele ya kioo akigusana na wenzake, hivyo nafasi za kupiga picha huongezeka bila kumlazimisha yeyote. Robo ya maji hubadilishwa kila wiki kwa maji yaliyoondolewa klorini. Kabla ya kupiga, kioo cha ndani hufutwa kwa sifongo kisichowahi kugusa sabuni, na tangi huachwa litulie mpaka vumbi lishuke.

Kumleta samaki mbele

Koridora akizurura popote, kufokasi ni kubahatisha. Chakula ndicho kilichompangia mahali. Nyungunyungu waliooshwa na kukatwakatwa walifukiwa kwenye mstari mwembamba, sentimita tano kutoka kioo cha mbele na sambamba nacho. Samaki anayechimba kwa kufuata mstari huo hujipanga ubavu mwenyewe. Jioni ndiyo saa yake, kwani koridora huchangamka zaidi mwanga unapofifia. Taa ya tangi iliwashwa mapema ili macho yake yazoee. Samaki aliyekuwa gizani hapigwi flashi ghafla.

Ubavu huo una manufaa hata kwa wataalamu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2011 ulionyesha kwamba koridora wa spishi tofauti wanaoishi pamoja mara nyingi huvaa rangi na mabaka yanayofanana, lakini hutofautiana kwa urefu wa pua na kwa chakula wanachokula. Mwaka 2024 kundi zima liligawanywa upya: koridora wa shaba akahamishiwa jenasi ya Osteogaster, na paleatus jenasi ya Hoplisoma. Picha iliyopigwa kwa juu inaweza kupendeza, lakini haitoshi kumtambulisha samaki. Ya ubavu, pua ikionekana yote, itamtambulisha hata majina yakibadilishwa tena.

Mwanga

Flashi ikifungwa juu ya kamera huleta maafa mawili: kioo huirudishia lenzi mwanga, na kila kivumbi kilicho majini huwaka kama nukta nyeupe. Kwa hiyo flashi moja iliwekwa juu ya kifuniko cha kioo cha tangi, ikielekea chini na kusogezwa mbele kidogo ya mstari wa chakula, na chini yake karatasi nyeupe ya kulainisha mwanga. Kwa kuwa mwanga unashuka karibu wima, kinachoakisiwa na kioo cha mbele hakiifikii lenzi. Kijani cha begani kikajitokeza, na mchanga ukarudisha sehemu ya mwanga chini ya tumbo.

Chujio lilizimwa kwa dakika chache wakati wa kupiga. Uso wa maji unapotikisika, mawimbi hukusanya mwanga wa juu katika mistari inayotembea, na mistari hiyo humwangukia samaki mgongoni mithili ya mikwaruzo. Uso ukitulia, mistari hupotea. Anayefanya hivi ajiwekee kengele ya simu, maana chujio lililosahauliwa huua bakteria wanaosafisha amonia na nitriti.

Taa za chumbani zilizimwa, pazia likafungwa, na lenzi ikavishwa mdomo wa mpira uliogusa kioo. Lenzi ilikitazama kioo moja kwa moja. Maji hupinda mwanga, kiasi kwamba samaki aliye sentimita 20 ndani huonekana kana kwamba yuko sentimita 15. Ukipiga kwa mshazari, kupinda huko hakulingani katika fremu yote, na kingo za samaki hulainika na kutoa vivuli vya rangi.

Mpangilio wa kamera

Lenzi ilikuwa makro ya milimita 60, tundu f/11, shata 1/160, ISO 200, flashi kwa nguvu ya 1/16. Namba hizi zinategemeana. Kwa ukaribu huo, hata f/11 huipa picha kina cha milimita chache tu, f/2.8 ingeacha kama milimita moja, jicho likawa kali na sharubu zikafifia. Shata ya 1/160 peke yake haiwezi kugandisha punje ya mchanga. Kilichoigandisha ni mwako wa flashi, ambao kwa nguvu ndogo hivyo hudumu chini ya sehemu moja ya elfu tano ya sekunde. Ili flashi itawale, mwanga wa taa ya tangi lazima usihesabike. Piga picha moja bila flashi kwa mpangilio huohuo: ikitoka nyeusi kabisa, umepatia.

Fokasi ilifungwa kwa mkono kwenye mstari wa chakula, kisha ikabaki kumsubiri samaki aingie. Fremu nyingi zilikataliwa kwa sababu ya jicho. Koridora anaweza kulizungusha jicho chini kwa ghafla, ukadhani amekukonyeza, na fremu hiyo humwonyesha kama kipofu.

Kwa mwenye simu

Simu inaweza kufika mbali ikiwekwa kwenye hali ya kurekebisha kwa mkono na kuegemezwa kwenye kioo. Umeme wetu ni wa mzunguko wa 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde na kuchora michirizi kwenye picha. Shata ya 1/100 au 1/50 huiondoa. Kasi hiyo inatosha kwa koridora aliyetulia. Kwa mchanga unaochomoka, tumia taa ya pili yenye nguvu isiyopepesa, iweke juu ya kifuniko, rekodi video ya 4K na uchomoe fremu. Kila fremu ina kama pikseli milioni 8, inayotosha ukurasa wa gazeti.

Mwenye bajeti ndogo basi ajue pa kuanzia. Fedha ya kwanza iende kwenye mchanga laini na kundi la samaki sita, ya pili kwenye kifuniko cha kioo na pampu ya hewa, ya tatu kwenye taa inayoweza kukaa juu. Kamera ya gharama juu ya kokoto kali itaonyesha kwa ukali zaidi sharubu zilizokatika. Na anayetazama picha ya koridora wa mwenzake aanze na sharubu, kisha tumbo, kisha mapezi. Vikiwa vizima, sifa za awali ni za mfugaji, na mpiga picha apewe zinazobaki.