Nusu ya Pili ya Pete: Ursula K. Le Guin na Kitabu cha Pili cha Earthsea

Kitabu cha pili katika mfululizo wa fantasia ya vijana huzaliwa na deni. Msomaji aliyekipenda cha kwanza hurudi akidai alichoonjeshwa: shujaa yule yule, ulimwengu ule ule, na hatari iliyoongezwa kipimo. Waandishi wengi hulilipa deni hilo kwa sarafu ile ile. J. K. Rowling, katika Harry Potter and the Chamber of Secrets ya mwaka 1998, alimrudisha mvulana wake katika shule ile ile na kwa kalenda ile ile ya mwaka wa masomo, na wasomaji wakaridhika. Philip Pullman alithubutu zaidi: The Subtle Knife ya mwaka 1997 inafunguliwa na Will, mvulana ambaye msomaji hajawahi kumsikia, huku Lyra akisubiri zamu yake. Hata hivyo, zaidi ya robo karne kabla ya Pullman, Ursula K. Le Guin alikuwa amekwisha kuandika mwendelezo unaomnyima msomaji karibu kila alichokipenda, na kwa kumnyima ukamtajirisha. Mwendelezo huo ni The Tombs of Atuan, yaani Makaburi ya Atuan, wa mwaka 1971.

Kitabu kilichoutangulia, A Wizard of Earthsea cha mwaka 1968, ni hadithi ya bahari. Ged, mtoto wa mfua shaba katika kisiwa cha Gont, anagundua kipawa chake, anakwenda kusomea uchawi katika kisiwa cha Roke, na kwa kiburi cha ujana anakifungulia mlango kivuli kinachotaka kumwangamiza. Kuanzia hapo anasafiri kwa tanga kutoka kisiwa hadi kisiwa, kwanza akikimbizwa, kisha akikimbiza. Upepo, mawimbi, mazimwi na anga pana ndivyo vinavyomkaa msomaji kichwani anapokifunga kitabu.

Cha pili hakina hata kimoja kati ya hivyo mwanzoni mwake. Kinaanza nchi kavu, katika bustani ya matofaa ambako mama anamwita bintiye mdogo arudi nyumbani, na baba anamwonya mkewe asimzoee mtoto ambaye hivi karibuni atachukuliwa. Mandhari ni tulivu, na ndani ya utulivu huo mwandishi ameficha uamuzi wake mkubwa kuliko yote. Watu hao ni Wakargi. Msomaji amewahi kukutana nao mara moja tu kwa karibu, katika sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza, walipokivamia kijiji cha Ged wakiwa na mapanga na moto: watu weupe wenye nywele za manjano, wakali, wasio na sura wala sauti. Ged, mwenye ngozi ya hudhurungi, aliwapoteza ndani ya ukungu akawa shujaa, na hakuna aliyewahurumia wavamizi wale. Sasa msomaji yuleyule anaketishwa katika nyumba ya mmoja wa watu hao na kuombwa ampende mtoto wao. Mwandishi haongezi hotuba kuhusu utu wa adui. Anageuza kiti tu, na kitabu cha kwanza kinasomeka upya kutoka upande wa pili.

Mtoto huyo anaitwa Tenar. Kwa kuwa alizaliwa usiku aliofariki Kuhani Mkuu wa makaburi, anahesabiwa kuwa ndiye kuhani yuleyule aliyerudi. Akiwa na miaka sita anafanyiwa ibada ya kukabidhiwa kwa Wasio na Majina, nguvu za giza zinazokaa chini ya ardhi, na jina lake linaondolewa. Tangu hapo yeye ni Arha, maana yake Aliyeliwa. Kiswahili kinamfungulia msomaji wake jina hili kwa namna ya pekee. Katika bao kete huliwa; katika biashara mtu hula hasara; aliyetapeliwa husema ameliwa; na kiapo, ambacho ndicho kinachomfunga Arha, nacho pia huliwa. Kitenzi kimoja kinabeba ulaji, ushindi, hasara na ahadi, na yote manne yamo katika jina la msichana huyu. Aliyeliwa hakufa. Ametolewa mchezoni, na anaambiwa kwamba kutolewa huko ndiyo heshima.

Ubora wa riwaya hii ni kwamba haimfanyi Arha kuwa mhanga safi. Anakua akiwa na madaraka, na madaraka yanamkolea. Anazijua njia za labirinti iliyo chini ya makaburi kwa kupapasa, kwa sababu katika pango kuu lililo chini ya mawe mwanga umeharamishwa. Anapoletewa wafungwa watatu na kutakiwa aamue namna ya kifo chao, anaamua wafe kwa njaa na kiu gizani. Baadaye anaugua na ndoto zinamtesa, lakini amri aliitoa yeye. Vitabu vichache vya vijana, vya wakati ule au vya sasa, vimethubutu kumpa msomaji wa miaka kumi na mitatu mhusika mkuu aliyeua, kisha vikamtaka aendelee kumfuata. Wanaomzunguka Arha nao wamechorwa kwa wino mzito: Kossil, kuhani asiyeamini chochote ila mamlaka, Penthe, rafiki mcheshi ambaye kutoamini kwake kunamtikisa Arha kuliko hoja yoyote, na Manan, towashi anayempenda kama mwanawe na bado ni mlinzi wa gereza lake.

Ged anaingia kitabu kikiwa kimekaribia nusu. Haingii kwa kishindo. Arha anaona mwanga mahali ambapo mwanga haujawahi kuwapo, na kwenye ncha ya mwanga huo amesimama mwizi mwenye fimbo. Amefuata nusu ya pete iliyovunjika, pete ya Erreth-Akbe, yenye alama ya amani iliyopotea. Nusu nyingine alipewa katika kitabu cha kwanza na mwanamke mzee aliyetupwa kwenye kisiwa cha mchanga, katika tukio dogo ambalo msomaji aliyesoma kwa haraka huenda alilipita. Mwanamke yule naye alikuwa Mkargi. Hivyo bawaba inayoviunganisha vitabu viwili ni zawadi ya adui mnyonge, iliyotolewa bila lugha ya pamoja.

Wapo wanaolalamika kwamba msichana huyu anahitaji mwanamume wa kuja kumwokoa. Lalamiko hilo lina uzito, lakini haliisomi labirinti vizuri. Ged amefungiwa humo na Arha mwenyewe. Maji anayokunywa yametoka mkononi mwa Arha. Nguvu zake zote zinatumika kuzizuia nguvu za chini ya ardhi zisimmeze. Yeye anaujua ukweli wa jina la Tenar, na Tenar anaijua njia ya kutokea. Mmoja akiondolewa, mwingine anafia gizani. Pete yenyewe inasema hivyo: nusu haina alama inayosomeka mpaka ikutane na nusu.

Pale ambapo lalamiko lina haki ni baada ya mlango kufunguka. Makaburi yameporomoka, Manan amepotelea shimoni, na Tenar yuko ufukweni na kisu mkononi, akifikiria kumuua mtu aliyemtoa. Ukurasa huo ndio kilele cha kweli cha riwaya. Uhuru haumjii kama zawadi. Unamjia kama mzigo alioupakata bila kujua pa kuutua. Hajui lugha ya anakokwenda, hana jamaa, na mikono yake ina damu. Msomaji aliyehama nchi ataelewa bila kuelezwa kwamba kutoka si sawa na kufika. Lakini Le Guin analifunga jambo hilo upesi mno. Kurasa chache baadaye Tenar anaingia mji wa Havnor akiwa ameshikwa mkono kama mtoto, na kelele za shangwe zinalifunika swali: ataishi vipi? Katika The Farthest Shore ya mwaka 1972 Ged anasafiri na mwanamfalme kijana hadi nchi ya wafu, na Tenar hayumo safarini.

Jibu lilichelewa hadi mwaka 1990, katika Tehanu. Humo Tenar ni mjane wa mkulima katika kisiwa cha Gont, mama wa watoto wawili wakubwa, akimlea msichana aliyeunguzwa na watu waliopaswa kumtunza; na Ged anarudi kwake akiwa amepoteza uchawi wake wote. Baadhi ya wasomaji wa zamani walikiona kitabu hicho kama usaliti. Kwa hakika kinafanya kile kile kilichofanywa na The Tombs of Atuan: kinageuza kiti tena, safari hii kuelekea jikoni, zizini na kitandani mwa mtoto mgonjwa, na kuuliza nguvu ni nini kwa asiyekuwa nayo.

Hapo ndipo kipimo cha mwendelezo kinapopatikana. Mwendelezo hafifu huurefusha ulimwengu; mwendelezo mzuri huurekebisha. The Tombs of Atuan ina kasoro ya kufunga mlango mapema, na mwandishi wake alihitaji karibu miaka ishirini kuufungua tena. Lakini msomaji kijana aliyeingia humo akimtafuta shujaa wake, na badala yake akamkuta binti wa wavamizi akiitwa na mama yake chini ya mtofaa, hawezi tena kuirudia sura ile ya uvamizi wa Gont na kuwaona watu wasio na sura. Atajiuliza ni nani kati yao aliyekuwa na mtoto nyumbani.