Kioo Kisichojua Amri

Sahani nyingi za kioo walizotumia wapiga picha wa zamani hazikuiona rangi nyekundu. Ndiyo maana fundi aliweza kuzisafisha chini ya taa nyekundu bila kuziunguza. Ila kwa Burundi upofu huo ulikuwa na gharama: udongo wetu mwekundu ulitoka mweusi, na anga la buluu likatoka jeupe tupu, mawingu yakimezwa humo. Vijana wa Bujumbura wakizitazama picha hizo hudhani nchi ya mababu ilikuwa na msiba. Hapana, ni kemia tu.

Hans Meyer, mmoja wa waliokuja na kamera, alipita nchini humu mwaka 1911. Ni yule Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Hakuwa ofisa kama John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza kule Zanzibar, ambaye naye alikuwa mtu wa kamera. Meyer alikuwa mwanajiografia wa ukoo wa wachapishaji. Hata hivyo alitembea kwenye kivuli cha bunduki: miaka minane tu ilikuwa imepita tangu mfalme wetu Mwezi Gisabo alazimishwe kukubali masharti ya Wajerumani mjini Kiganda. Kitabu chake, Die Barundi, kilichapishwa Leipzig mwaka 1916. Mwaka huohuo Wabelgiji waliwatimua Wajerumani kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, na koloni lililoelezwa humo likawa si lao tena.

Hayo ya utawala tuyaseme bila kuficha, kisha tuusifu ufundi, maana unastahili. Kioo ni kizito na hakisamehe. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, na anayebeba vioo kichwani akiteleza kwenye mteremko, kazi ya wiki nzima imekwisha. Kisha kuna joto. Utando wa jelatini hulainika kwenye maji ya moto na kuchubuka, kwa hiyo aliyesafisha picha huku Imbo, kando ya Tanganyika, alikuwa akishindana na hali ya hewa. Juu Mugamba, usiku wa baridi ulimsaidia. Maji yenye tope yalitosha kuacha madoa usoni mwa mtu milele. Leo tunapiga picha mia kabla ya chai kupoa. Mpiga picha wa kioo alilazimika kufikiri kwanza.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kioo hakipokei amri. Ofisa anaweza kuchagua upande wa kuelekeza kamera, na chini ya picha akaandika kwamba huyu ni mfano wa kabila fulani, kana kwamba ni mdudu wa makumbusho. Lakini akilenga rugo, yaani boma la nyumbani, atanasa pia namna ua ulivyofungwa, kiraka kwenye nguo ya gome, jicho la mtu aliyechoshwa na kuambiwa asitikisike. Mchoraji angeyaacha hayo. Lenzi iliyanyakua yote, na kwa mwana wa hapa hayo ya pembeni ndiyo yenye thamani.

Mwanahistoria Jean-Pierre Chrétien alikitoa kitabu cha Meyer kwa Kifaransa mwaka 1984, ndipo wengi wetu tukaweza kukisoma. Lakini picha nyingi za vijiji za enzi ile hazina majina ya waliosimama. Leo studio yoyote ya mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, huandika jina la mteja kwenye bahasha, hata kama amekuja kwa ajili ya pasipoti.