Kazi Inafanywa na Swali

Mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake wa Stony Brook, New York, walichapisha jaribio dogo ambalo hadi leo ndilo msingi wa usomaji wa mazungumzo, yaani kusoma kitabu kwa kuzungumza na mtoto. Walizigawa familia zenye watoto wa miaka 2 hivi katika makundi mawili. Yote mawili yaliwasomea watoto nyumbani kwa mwezi mmoja huku yakijirekodi, ila ni kundi moja tu lililofundishwa namna ya kusoma. Mwezi ulipokwisha, watoto wa kundi hilo walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi 6 hadi 8 na nusu katika vipimo vya kujieleza.

Wazazi wa kundi hilo walifundishwa nini? Wapunguze kusoma mfululizo, waache maswali ya ndiyo na hapana, wamwachie mtoto asimulie. Mbinu hii ilikuja kupangwa katika hatua 4: kumchokoza mtoto aseme, kupima alichosema, kukirefusha, kisha kumfanya akirudie. Tuitazame mama na mwanawe wakiangalia picha moja:

"Unaona nini hapa?"

"Mbuzi."

"Eeh, mbuzi. Mbuzi wawili wanakula majani. Hebu sema na wewe."

"Mbuzi wawili wanakula."

Uzito wote uko kwenye hatua ya 3. Neno limetoka kwa mtoto, kwa hiyo bado liko akilini mwake mama anapoliongezea. Katika Kiswahili, hapo ndipo mtoto anapopokea ngeli: leo mbuzi wawili wanakula, kesho viatu viwili vimechafuka. Hajafundishwa sarufi, amerudishiwa kauli yake mwenyewe ikiwa imekamilika. Ndiyo maana swali "Huyu ni mbuzi, siyo?" halizai kitu. Atajibu ndiyo, na ndiyo hairefushiki.

Kitabu kilekile kisomwe tena na tena, maswali yakipanda ngazi: kwanza nini, baadaye kwa nini, kisha "wewe mbuzi ulimwona wapi?"

Je, mzazi lazima awe msomi? Utafiti wa Heather Knauer na wenzake katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2020, unajibu. Baadhi ya walezi walipewa vitabu vya hadithi vinavyolingana na mazingira yao; wengine walipewa vitabu pamoja na mafunzo. Mafunzo ndiyo yaliyokuza msamiati wa watoto kutokana na vitabu hivyo, na watoto wa walezi wasiojua kusoma walinufaika si chini ya wenzao.

Basi anayegawa vitabu bila kuonyesha namna ya kuvitumia amefanya nusu ya kazi. Nawe mzazi au bibi usiyejua kusoma, usimwachie mtoto kitabu ukaondoka. Kaa naye, tazameni picha, uliza, kisha nyamaza mpaka ajibu.