Askari wa kawaida akiwa mhusika mkuu, ‘shujaa’ ni nani?

WAHAKIKI wetu huona haya kuitaja katuni. Ati ni ya watoto! Ilhali mwanafunzi anayechambua tamthilia darasani mchana hurudi bwenini kutazama anime hadi usiku wa manane. Ikiwa sanaa ni kioo cha jamii, mbona tukifunike kioo anachojitazamia?

Leo nahakiki ‘Mobile Suit Gundam: The 08th MS Team’, kazi ya studio ya Sunrise ya Japani yenye vipindi 12, iliyotolewa kwa video kati ya 1996 na 1999. Mwelekezi wake wa kwanza, Takeyuki Kanda, alifariki 1996 kazi ikiwa haijakamilika. Umanosuke Iida akaupokea usukani.

Katika Gundam asilia ya 1979, mvulana Amuro Ray anaendesha mtambo wa kivita usio na kifani. Huyo ni ndugu yake Fumo Liyongo: shujaa wa kitendi, mwenye uwezo unaowapita wenzake. ‘The 08th’ inasimulia vita vivyo hivyo, ila kutoka matopeni, katika misitu ya Kusini Mashariki mwa Asia. Luteni Shiro Amada anaongoza kikosi kidogo tu, na mitambo yao imeundwa kwa vipuri vilivyosalia kwingine. Kichwa cha mtambo wa Karen Joshua kinapoharibika, mafundi wanaupachika kichwa cha mtambo duni, mithili ya matatu iliyobandikwa taa isiyo yake. Kazi inaendelea.

Usawiri wa wahusika nao ni wa kupigiwa mfano. Terry Sanders amebandikwa lakabu ya malaika wa mauti kwa kuwa vikosi alivyotumikia awali viliangamia katika operesheni ya tatu. Ya tatu na kikosi hiki inapowadia, mtazamaji haulizi nani atashinda, bali nani atarudi. Michel Ninorich naye humwandikia mpenzi wake barua. Mbinu hii ya barua inatukumbusha jambo ambalo ripoti za jeshi hazitaji: kila askari ana mtu anayemngoja.

Wahenga walinena kuwa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Shiro anakataa kuchagua kati ya hayo mawili. Anachowadai askari wake ni kuishi, si kufa kishujaa. Upande wa adui, Norris Packard anachagua kilio. Anaviangamiza vifaru vitatu, akitoa uhai wake, ili meli yenye majeruhi ipate kuondoka. Meli hiyo, ambayo ni ya aina iitwayo Zanzibar, inapaa kisha inatunguliwa na mdunguzi. Hiki ni kinaya kichungu. Watunzi hawamkejeli Norris hata kidogo. Wanamheshimu, halafu wanatuonyesha kwamba ushujaa wake haukumwokoa yeyote mle melini.

Je, kazi hii haina dosari? Inazo. Mapenzi ya Shiro na Aina Sahalin, rubani wa upande wa adui, yamejengwa juu ya sadfa nyingi mno. Uwanja wa vita ni mpana, lakini wawili hawa hukutana kana kwamba wanaishi ploti moja. Isitoshe, pambano la mwisho, wawili hao wakiwa katika mtambo mmoja dhidi ya silaha kuu ya kakake Aina, linaturejesha kwenye shujaa yuleyule wa kitendi tuliyedhani tumemwacha 1979. Wenzake waliobeba hadithi wanageuzwa watazamaji.

Kipindi cha 12 kinaziba sehemu ya pengo hilo. Vita vimekwisha na Shiro hajulikani aliko. Wanaomtafuta ni Michel, mwandishi wa barua, na Kiki, msichana wa kijijini aliyempoteza baba yake vitani. Wanampata hai, amepoteza mguu mmoja, Aina akiwa mjamzito. Kicheko kipo, na kilio kipo, katika boma moja.

Walimu wa fasihi, hebu waitisheni wanafunzi insha inayomlinganisha Liyongo, ambaye ni sindano ya shaba tu kitovuni iliyoweza kumuua, na Shiro, ambaye risasi yoyote ingemmaliza. Wataijua maana ya neno ‘shujaa’ kuliko kamusi inavyoieleza.