Neno "Xanh" la Kivietnamu na Kosa la Kufasiri Rangi

Mfasiri akutanapo na neno la sifa xanh katika Kivietnamu, huelekea kuuliza: je, hii ni kijani au buluu? Swali hilo ndilo chanzo cha kosa. Kwa Mvietnamu, jani ni xanh, na mbingu isiyo na mawingu ni xanh pia. Wala haoni kwamba ametaja rangi mbili.

Wako wanaodai kuwa hiyo ni dalili ya upungufu wa lugha. Dai hilo halina msingi. Uchunguzi wa Brent Berlin na Paul Kay, uliochapishwa mwaka 1969, ulionyesha kwamba zipo lugha kadha zisizozitenga rangi hizi kwa maneno ya msingi. Tena, inapobidi kupambanua, Mvietnamu husema xanh lá cây, yaani xanh ya majani ya mti, au xanh da trời, yaani xanh ya ngozi ya mbingu. Nasi hatukufanya vinginevyo: kijani kimetokana na jani, na samawati imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu.

Orodha ya maneno inayoandika "kijani, buluu" na kukomea hapo ina ila kubwa zaidi, kwani xanh haliishii kwenye rangi. Chuối xanh ni ndizi mbichi. Anayeandika "ndizi za kijani" hajamweleza msomaji kuwa hazijaiva. Tuổi xanh ni umri wa ujana. Xanh xao ni hali ya uso uliopauka. Taarifa ya mgonjwa ikisema "uso wa kijani", mwuguzi atapotoka.

Kwa hiyo hatuoni haja ya kubuni istilahi mpya ya kuliwakilisha neno hili. Yafaa mfasiri aitazame kwanza nomino inayoandamana nalo. Đèn xanh ya barabarani ni taa ya kijani. Trời xanh ni mbingu ya samawati. Penye tunda, kivumishi chetu -bichi chatosha. Pale ambapo nomino haiamui, kama vile mlima uonekanao kwa mbali katika shairi, mfasiri hana budi kuchagua. Na achague akijua kwamba msomaji wa Kivietnamu hakulazimishwa kuchagua.