Tuta la Solai Halikuvunjwa na Mvua

Tuelewane mapema: bwawa la Milmet kule Solai, kaunti ya Nakuru, halikuvunjwa na mvua. Masika ya 2018 yalinyesha Afrika Mashariki nzima, na matuta mengi ya udongo yalijaa mpaka pomoni yakabaki yamesimama. Hili la Milmet, kwenye shamba la Patel, likaachia usiku wa 9 Mei, maji yakashuka vijiji vya Energy na Nyakinyua watu wakiwa majumbani. Picha mliziona, sina haja ya kuzirudia. Kinachonirudisha Solai ni mazungumzo ya malambo huku kwetu Ngorongoro, hasa Olbalbal, ambako kila anayesimama kwenye mkutano anataja ujazo. Mita za ujazo kadhaa, ng'ombe kadhaa watakunywa, makofi. Utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, hautajwi.

Kosa la Solai lilifanyika zamani, mchana kweupe, pale ilipoamuliwa kuzuia maji bila kibali. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya ilisema mabwawa ya shamba lile hayakuwa na vibali, na washtakiwa walipofikishwa mahakamani, pamoja na mashtaka 48 ya kuua bila kukusudia kulikuwa na shtaka la kutoandaa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Wapo walioliona hilo la mwisho kama shtaka la kujazia karatasi. Mimi naona ndilo lililobeba kesi yote.

Kibali kinamlazimisha mtu kujibu mambo ambayo hakuna mwenye shamba anayependa kujiuliza. Eneo linalomwaga maji bwawani lina ukubwa gani, na mvua mbaya kuliko zote italeta kiasi gani kwa sekunde moja? Jibu la hapo ndilo linalopanga upana wa utoro, na ndilo linalopanga mgongo wa tuta ukae juu ya maji kwa kiasi gani. Tuta la zege likipitiwa na maji juu linaweza kuvumilia. La udongo haliwezi: maji yanakata mfereji mdogo upande wa nje, mfereji unakula kurudi nyuma kuelekea bwawani, na ukifika, bwawa zima linapita pale. Kazi hiyo huchukua saa chache, pengine chini ya hapo.

Swali la pili ni nani analala chini ya tuta. Urefu wa tuta pekee hautoshi kupima hatari. Orodha ya kimataifa ya mabwawa makubwa kwa kawaida huanzia mita 15, na chini ya hapo watu huona wako salama kwa sababu bwawa lao ni "dogo". Tuta la mita sita juu ya mbuga tupu ni hasara ya mwenye mali. Tuta lilelile juu ya boma ni jambo jingine kabisa, na lilipaswa kuchorwa upya au kuhamishwa kabla kijiko hakijagusa ardhi. Solai kulikuwa na vijiji viwili chini. Mtu yeyote mwenye macho na kalamu angeviona kwenye ramani, kama kungekuwa na ramani iliyodaiwa na mtu. Halafu Februari 2020 mahakama ya Naivasha ikawaachia washtakiwa kwa uzembe wa upande wa mashtaka, mpaka Mahakama Kuu ilipoirudisha kesi.

Tanzania sheria tunayo: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na Kanuni za Usalama wa Mabwawa za 2013. Zimeandikwa vizuri.

Kwenye ujenzi wenyewe nina ugomvi na katapila, na mazungumzo ya Olbalbal yananilazimu kuusema. Katapila inasukuma udongo, haishindilii. Uzito wake umetandazwa kwenye minyororo mipana, kwa hiyo tuta linaonekana gumu juu huku ndani likiwa na mapengo. Udongo unatakiwa kuwekwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, zenye unyevu wa kutosha, na kila tabaka ishindiliwe na mtambo wa kazi hiyo. Na udongo wenyewe wa huku ni wa majivu ya volkano, mahali pengine una chumvi ya magadi. Chukua donge dogo la udongo mkavu, lidondoshe kwenye glasi ya maji safi, uliache bila kulitikisa. Likimomonyoka na kukaa chini, sawa. Maji yakigeuka mawingu kulizunguka ndani ya dakika kumi, udongo huo unayeyuka, na ukiujengea tuta maji yatachimba njia ndani kwa ndani. Kipimo hicho kinagharimu glasi moja. Sijawahi kukisikia kikitajwa kwenye uzinduzi.

Wazee walifanya vizuri zaidi, na sioni aibu kusema hivyo. Engaruka, chini ya ukingo wa nyanda hizihizi, waliendesha maji ya vijito kwa mifereji ya mawe hadi mashambani karne kadhaa zilizopita. Upareni walijenga ndiva: hifadhi ndogo inayojaa usiku na kufunguliwa mchana, pembeni ya kijito, ikilishwa kwa mfereji. Korongo lenyewe hawakuliziba, kwa hiyo mafuriko yalipita njia yake. Tope walilitoa kwa msaragambo, kazi ya pamoja. Najua, ndiva hainyweshi mifugo ya Olbalbal kiangazi kizima. Lakini mjenzi wake alikuwa ameshajiuliza maji ya ziada yatapita wapi.

Marekani nao walipaswa kujiuliza. South Fork, Pennsylvania, wenye klabu ya uvuvi waliweka wavu kwenye utoro samaki wasitoroke, na walishusha mgongo wa tuta ili magari ya farasi yapishane. Mabomba ya kutolea maji yalikuwa yameshang'olewa kabla yao. Tarehe 31 Mei 1889 tuta lilivunjika, wakafa zaidi ya watu 2,200. Ukisikia mtu anataka kuziba utoro wa lambo kwa miiba ili ndama wasipite, mwambie habari hiyo.

Na kwa anayekaa karibu na tuta sasa hivi: mvua ikikatika, tembea kwenye kitako chake upande wa nje. Maji yanayochuruzika yakiwa safi, yatie alama na uyafuatilie kila siku. Yakiwa na tope, udongo wa ndani unaondoka. Hamisha watu kwanza, Bodi ya Maji Bonde la Kati utaipigia ukiwa mlimani.